Tuupime Msokoto wa Mjomba

Hii ni mada iliyotolewa na mwelimishaji wetu wa afya mbele ya wanafunzi wa shule moja ya sekondari wilayani Newala, na baadaye Masasi. Tumeiandika karibu vile vile alivyoisema, pamoja na maswali ya wanafunzi.

    

Mmezoea kuona gari letu likija na mada ya UKIMWI, malaria au mimba za utotoni. Leo nimekuja na msokoto. Wa tumbaku, jamani, siyo wa bangi. Naona kule nyuma wameshaanza kunong'ona.

Huu hapa mezani, juu ya kipande cha gazeti. Sitauwasha. Umetengenezwa na mjomba wangu, ndugu yake mama, na kabla ya kuuleta nilimwomba ruhusa. Mnajua wenyewe huku kwetu mjomba ni nani. Ukimsema vibaya mjomba hadharani, hata utoe mada nzuri namna gani, nyumbani utalala njaa. Kwa hiyo haya nitakayoyasema, yeye mwenyewe anayajua.

MJOMBA MKIMBIAJI

Mjomba alizaliwa hapa hapa juu katika miaka ya 60. Tarehe 2 Februari 1974, Mtanzania Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mjomba alikuwa shule ya msingi. Habari ilipofika kwa redio, watoto wa kijiji kizima wakaanza kukimbia "kama Bayi", maana yake unatoka mbele tangu mwanzo, hungoji mtu. Wengi walichoka kabla ya kufika kwenye mkorosho wa pili. Mjomba hakuchoka.

Enzi hizo maji yalikuwa taabu kubwa huku juu kuliko leo. Watu waliteremka bondeni kuyatafuta, na watoto pia. Mjomba anasema hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yake: kushuka na ndoo tupu, kupanda na ndoo imejaa. Ninyi mliowahi kusimama pale Shimo la Mungu mkatazama chini upande wa Ruvuma, mnaujua mteremko ninaousema. Basi, akaikimbilia shule yake, akaikimbilia wilaya, akafika mashindano ya mkoa pale Mtwara. Timu ya Taifa hakufika. Lakini mpaka leo akipita mnadani, watu wa rika lake wanamwita Bayi.

Alipoacha mbio alishika jembe na mikorosho kama watu wengine. Nyuma ya nyumba akapanda mistari michache ya tumbaku. Majani yakikomaa huyachuma, huyatunga kwenye kamba na kuyaning'iniza kivulini mpaka yawe na rangi ya kahawia. Kisha huyarundika na kuyafunika yapate joto, ule ukali wa kwanza upungue. Halafu huyanyunyizia maji kidogo yalainike, hutoa uti wa kati wa jani, huyaviringisha kwa viganja mpaka ipatikane sigara nene kama dole gumba, ya jani tupu, bila karatasi. Kwenye kamusi mtaikuta inaitwa biri. Sisi tulisema msokoto. Na vijana wa kijijini wakaupa jina lake: msokoto wa bingwa.

TULIVYOUPIMA MARA YA KWANZA

Nilikuwa kidato cha pili, msimu wa kuokota korosho. Tulikuwa wanne chini ya mkorosho. Msokoto niliuiba mimi, chini ya mkeka wa mjomba. Mwenzetu mmoja alikuwa na kaka yake Dar es Salaam, kwa hiyo alijifanya ndiye mtaalamu, akasema kitu kama hiki hakivutwi hivi hivi, kinapimwa. Tukaanza kutoa alama kama walimu wanaosahihisha.

Umbo: umekazwa sawasawa, hauna uvimbe wala tundu. Tukaupa 9 kwa 10. Kupitisha moshi: hauhitaji kunyonya kwa nguvu. 8. Majivu: ya kijivu, yanashikana, hayadondoki ovyo. 8. Harufu: majani makavu, na kwa mbali kama asali. 9. Ukali: hapo kila mtu akanyamaza, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshika shina la mti natapika. Kichwa kinazunguka, jasho baridi, moyo unakwenda mbio. Mtaalamu wetu akasema hiyo ndiyo dalili ya kitu kizuri. Akaandika 10.

Msicheke sana. Wapo watu Ulaya na Marekani ambao hiyo ni kazi yao, kupima biri na kuandika kwenye magazeti. Wanatazama mambo yale yale: umbo, moshi, majivu, harufu, ladha, kisha wanatoa alama kati ya 100. Kwa hiyo hatukukosea sana namna ya kupima. Kosa letu ni kwamba tulipima jani na moshi tu. Aliyekuwa anatapika hatukumhesabu. Ile haikuwa dalili ya ubora, ilikuwa sumu ya nikotini, na mwili wangu ulikuwa unakataa kwa lugha pekee ulioijua.

Tena nikaurudia wiki iliyofuata! Kwa nini? Kwa sababu tulikuwa na hoja tatu kichwani, na najua nanyi mnazo. Hebu tuzipime moja moja.

HOJA YA KWANZA: "UMETENGENEZWA NA MWANAMICHEZO"

Hoja hii ni ya zamani, na wafanyabiashara wanaijua kuliko sisi. Majirani zetu wa Kenya na Uganda wana sigara iliyouzwa miaka mingi kwa jina la Sportsman, yaani mwanamichezo. Marekani alikuwepo Luis Tiant, mzaliwa wa Cuba, mmoja wa warushaji mahiri wa mpira wa besiboli katika timu ya Boston Red Sox. Alipenda sana biri, na baada ya kustaafu zikatoka biri zenye jina lake, El Tiante. Mtu anayenunua biri ile ananunua tumbaku, lakini mkononi anahisi ameshika ushindi.

Sasa turudi kwa mjomba. Nilipoanza kazi hii nilimwendea nikaketi chini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu."

"Mjomba, naomba kukuuliza. Ulianza kuvuta lini?"

Akafikiri. "Siku zile nakimbia sikuwahi kutia moshi kinywani. Mwalimu wa michezo angenifukuza. Nilianza nilipoona miguu haina kazi tena." Kisha akanitazama. "Kwani hao wanaonunua wanadhani nilikimbia kwa nguvu ya huu?"

Akacheka. Kikohozi kikamkatiza kicheko, tukangoja mpaka kikaisha.

Jamani, hilo ndilo jambo kubwa nililokuja kuwaambia leo. Miguu ile ilitengenezwa na kilima, maji na ugali wa muhogo. Tumbaku ilikuja baadaye ikakuta jina limeshajengwa, ikalivaa. Sisi tulikuwa tunanunua jina.

Mtasema: mbona wapo wanaovuta na bado wanacheza? Ni kweli, wapo. Johan Cruyff wa Uholanzi alichaguliwa mara 3 kuwa mchezaji bora wa Ulaya, mwaka 1971, 1973 na 1974, naye alikuwa mvutaji mkubwa. Kijana mwenye kipaji kikubwa anaweza kuuficha moshi kwa muda. Mwaka 1991, akiwa kocha wa Barcelona na umri wa miaka 43 tu, alifanyiwa upasuaji wa moyo. Akaacha sigara. Mwaka uliofuata Barcelona ikachukua Kombe la Ulaya. Kisha akatengeneza tangazo la televisheni la kupinga tumbaku: amevaa koti refu, anapigapiga pakiti ya sigara kwa miguu kama mpira wa danadana, mwishoni anaipiga teke. Alifariki tarehe 24 Machi 2016 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 68. Kuacha kulimpa miaka 25 ya kazi na wajukuu. Ile miaka aliyovuta nayo haikumsahau.

HOJA YA PILI: "NI YA ASILI, HAINA DAWA ZA KIWANDANI"

Hii naisikia sana vijijini, na kwa mtazamo wa haraka ina akili. Lakini ninyi ni watoto wa wakulima wa muhogo. Muhogo mchungu ni wa asili au wa kiwandani? Wa asili. Unauchimba ukautafuna hivyo hivyo? Bibi zetu wanaumenya, wanauloweka, wanauanika, kwa sababu wanajua sumu iko ndani ya mmea wenyewe.

Tumbaku nayo nikotini iko ndani ya jani, hakuna aliyeitia. Wakulima wa tumbaku wanaochuma majani mabichi yenye umande huweza kupata kichefuchefu na kizunguzungu kwa nikotini inayopita kwenye ngozi tu. Yale majani yakikaushwa na kurundikwa, hujitengeneza humo kemikali ziitwazo nitrosamini, ambazo husababisha saratani. Halafu unakuja moto. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Nyingi zinazaliwa na kule kuungua kwenyewe. Tofauti na muhogo, tumbaku huwezi kuiloweka ukatoa sumu ukabaki na chakula.

HOJA YA TATU: "HATUUVUTI MPAKA KIFUANI"

Ni kweli kwamba wavutaji wengi wa biri hawauingizi moshi wote kifuani. Lakini moshi wa biri umetengenezeka kwa namna ambayo nikotini inapita kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo. Ndiyo maana mimi nilitapika bila kumeza moshi. Na kule moshi unakokaa ndiko unakounguza: wanaovuta biri wamo katika hatari ya saratani ya mdomo, koo, sanduku la sauti na umio, na ya mapafu pia. Tena biri moja nene inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara 20. Anayesema "mimi navuta mmoja tu kwa siku" na ahesabu upya.

Na nyumba ina watu wengine. Mtoto aliyelala chumba kimoja na mvutaji hajachagua kitu, lakini anavuta.

BASI LA MASASI

Wanamichezo, sogeeni hapa. Chukueni basi linalotoka Masasi kupanda Newala. Viti ni damu yenu. Abiria anayetakiwa kukaa ni oksijeni, aende kwenye misuli ya miguu. Moshi wa tumbaku una hewa nyingine inaitwa kaboni monoksaidi. Huyu ni abiria asiye na nauli wala safari, lakini akipanda anashika kiti kwa nguvu, na kitu kinachobeba oksijeni kwenye damu humpenda yeye zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi linaonekana limejaa. Linapanda kilima. Likifika juu, wanaoshuka ni wachache kuliko waliotakiwa. Misuli inadai, moyo unaongeza mbio kuleta basi jingine, nalo lina wale wale. Hapo ndipo unaposimama katikati ya mbio umeshika kiuno.

MJOMBA LEO

Msimu wa korosho uliopita nilikwenda naye shambani kwa njia ile ile aliyokuwa akiikimbia. Alisimama mara nne. Mara ya tatu aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala. Nami nikatazama pembeni nikajifanya sijaona.

Baadaye alikubali twende hospitali. Daktari akampima, akamwambia ni ugonjwa sugu unaoziba njia za hewa kwenye mapafu. Kilichoharibika hakirudi kama zamani, lakini akiacha, uharibifu utapungua kasi. Amejaribu kuacha mara mbili. Mara ya kwanza siku tisa, mara ya pili karibu miezi miwili. Siwezi kuwadanganya kwamba ameshaacha. Alikuwa akivuta sita kwa siku, sasa ni miwili. Nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo ulioizoea huidai kama mwenye deni. Kwa kijana ni vibaya zaidi, kwa sababu ubongo wenu bado unakua.

Na nitasema jambo moja gumu. Sare yangu ya kidato cha kwanza ilinunuliwa kwa hela ya misokoto. Mwaka ule bei ya korosho haikutosha. Kwa hiyo sikuja hapa kumhukumu mtu aliyenisomesha. Nilipomweleza kwamba sheria ya nchi ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, alinyamaza muda mrefu. Tangu siku hiyo kijana akija, anamwambia arudi na mzazi wake. Hakuna aliyerudi na mzazi.

SASA UFANYE NINI?

Kama hujaanza, kazi yako ni ndogo: kukataa mara ya kwanza. Usitoe hotuba. Sema, "Mimi nina mechi," au "Kifua changu hakitaki," halafu badilisha mazungumzo. Kama ni mkubwa wako anayekupa, sema kwa heshima: "Ahsante babu, mimi situmii." Mkubwa mwenye busara hatakulazimisha.

Kama umeanza, chagua siku ya kuacha na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Usikae na msokoto wala kiberiti mfukoni. Hamu ikija, kunywa maji, tembea, kaa dakika chache itapungua. Ukiteleza siku moja, usiseme basi nimeshindwa, anza tena kesho yake. Nenda kituo cha afya ukaulize, hakuna aibu. Mwili hauchelewi kushukuru: dakika 20 baada ya msokoto wa mwisho mapigo ya moyo yanaanza kushuka, ndani ya saa 12 ile hewa inayoshika viti inapungua kufikia kawaida, ndani ya wiki 2 hadi 12 damu inazunguka vizuri na mapafu yanafanya kazi vizuri zaidi. Mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo inakuwa nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Idadi hiyo ni kubwa mno kuingia kichwani. Mimi nabaki na picha ya mtu mmoja anayefunga kamba za ndala.

MASWALI YA WANAFUNZI

Msichana, kidato cha tatu: Bibi yangu anatumia ugoro tangu ujana wake na yuko hai. Utasemaje?

Jibu: Mpe shikamoo yangu. Wapo wanaovuka barabara bila kutazama na wanafika upande wa pili. Hatufundishi watoto kuvuka hivyo. Ugoro hauna moshi lakini nikotini ni ile ile, na tumbaku isiyo na moshi nayo husababisha saratani ya mdomo. Usimgombeze bibi. Mwombe tu kwamba akiona kidonda mdomoni kisichopona, mwende wote hospitali mapema.

Mvulana, kidato cha pili: Nikivuta Jumamosi tu?

Jibu: Nami nilianza na Jumamosi. Baada ya muda Jumamosi ikaanza kufika Alhamisi. Nikotini haijui kalenda.

Mvulana, kidato cha nne: Wewe ni msomi, una shahada. Kwa nini usimkataze mjomba wako, hata kung'oa ile tumbaku?

Jibu: Nilifikiria, nikiri. Lakini ningeng'oa usiku, asubuhi angenunua mnadani, na tusingeongea tena. Nimechagua kuongea. Mwaka huu mistari miwili amepanda mbaazi. Aliamua mwenyewe, na sikumsifu sana asije akaona namchukulia kama mtoto.

Mwisho, mwalimu wenu wa michezo ameniambia Jumamosi kuna mbio za mita 1500 hapa uwanjani. Mjomba atakuja. Hatakimbia, atashika saa. Mkimpita kwenye mstari wa mwisho msimwombe msokoto. Mwulizeni alivyokuwa akipanda kile kilima, atawaambia mpaka jua lizame.



YA KUJADILI KATIKA KLABU YENU

1. Taja bidhaa mbili unazozijua zinazouzwa kwa jina au picha ya mwanamichezo. Mwanamichezo huyo alipata nguvu zake wapi?

2. Mjomba alilipia sare kwa hela ya tumbaku. Mkulima mdogo wa kijijini kwenu angeweza kupanda nini badala yake, na angekiuza wapi?

3. Igizeni: mkubwa anayeheshimiwa anampa kijana msokoto. Kijana akatae bila kumvunjia heshima.